Throto Bodi Kubwa kwenye Bomba la Hewa la Kiwandani: Mwongozo Kamili kwa Magari ya Tabora

Throto bodi (kifaa chenye kipepeo kinachodhibiti hewa inayoingia kwenye injini) iliyo kubwa kuliko ile ya kiwandani haisumbui kuipata siku hizi. Huagizwa Kariakoo, hufungwa kwenye boksi, hupandishwa basi, na baada ya muda mfupi mwenye gari huitwa stendi ya Tabora kuchukua mzigo wake. Kinachosumbua ni kuiunganisha na bomba la hewa ambalo kiwanda kilitengeneza kwa ajili ya mdomo mdogo. Mwongozo huu unahusu hasa kiungo hicho, yaani sentimita chache kati ya bomba linalotoka kwenye boksi la chujio na mdomo wa throto bodi, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri hutofautiana na kazi mbovu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa gari linalotembea barabara za vumbi za Sikonge, Urambo au Uyui, kiungo kisichovuja kina thamani kubwa kuliko milimita 10 za ziada za kipenyo, na anayelazimika kuchagua kimojawapo achague kiungo.

Pima kwanza kama injini inakabwa

Tuchukue mfano wa injini ya 3S-FE, iliyomo kwenye RAV4 nyingi za zamani, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,998. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika ingevuta karibu lita 100 za hewa kwa sekunde kama silinda zingejaa kabisa. Kwa kuwa hazijai kabisa, tukadirie lita 85. Mdomo wa kipenyo cha milimita 60 una eneo la milimita za mraba 2,827, na hewa hiyo itapita hapo kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa sekunde. Mdomo wa milimita 70 una milimita za mraba 3,848, yaani eneo kubwa zaidi kwa asilimia 36, na mwendo utashuka hadi mita 22. Mita 30 kwa sekunde haziikabi injini kiasi cha kuhisiwa na dereva, na hii ndiyo sababu wengi hufunga kifaa kikubwa kwenye injini ya kawaida kisha wakasifia nguvu ambayo kwa kweli ni pedeli tu iliyokuwa nyepesi kuitikia. Kifaa hiki kina maana pale ambapo injini imebadilishwa ikawa kubwa, vichwa na ekzosti vimeshafanyiwa kazi, au throto bodi ya zamani imeisha na iliyopatikana ni ya mdomo mpana.

Kipimo hushinda makadirio. Kama gari lina sensa ya presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), ile ambayo kwenye mashine ya kupimia kompyuta ya gari huandikwa MAP, washa swichi bila kuwasha injini na usome namba. Mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo utaona takriban kilopaskali 88; Kigoma, kando ya ziwa lililo kwenye mita 770 na kidogo, utaona kama 92; Dar es Salaam ni 101. Kisha tafuta kipande cha lami kilicho wazi, panda gia ya pili, kanyaga mafuta hadi chini, na mwenzako asome namba wakati injini inakaribia mwisho wa mizunguko yake. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo jumla ya kila kinachoikaba hewa kuanzia mdomo wa bomba la mbele hadi kwenye manifoldi. Ikiwa tofauti ni kilopaskali 2 au 3 tu, throto bodi mpya haitakupa kitu cha maana, na fedha hiyo ingefanya kazi nzuri zaidi kwenye plagi, chujio na ekzosti.

Gari lisilo na sensa hiyo hupimwa kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule ambao mafundi ujenzi hutumia kupimia levo. Ukunje kwa umbo la herufi U juu ya ubao mrefu, utie maji yenye rangi hadi nusu, acha ncha moja wazi, na ncha nyingine iunganishe na kitundu kidogo cha bomba la hewa kati ya chujio na throto bodi. Tofauti ya sentimita 10 kati ya nguzo mbili za maji ni takriban kilopaskali 1. Kila nguzo iwe na urefu wa mita moja juu ya maji, la sivyo injini itavuta maji. Ukihamisha kipimo mbele na nyuma ya chujio utajua mkabaji ni nani, na mara nyingi katika miezi ya kiangazi mkabaji ni chujio lenyewe lililojaa vumbi jekundu.

Kebo au umeme, na sensa iko wapi

Kwenye magari ya zamani kipepeo cha throto bodi huvutwa na kebo inayotoka kwenye pedeli. Kwenye magari mapya pedeli hutuma ishara tu, na kompyuta ndiyo inayozungusha kipepeo kwa mota. Kompyuta ya aina hii ya pili inajua ni hewa kiasi gani hupita katika kila nyuzi ya kufunguka. Ukiipa mdomo mpana, hesabu zake zote huharibika, nayo huwasha taa ya injini au huibana injini isipande mizunguko. Kwa magari hayo ushauri wangu ni kuacha, isipokuwa kifaa kimetengenezwa mahsusi kwa injini hiyo na yupo mtu wa kurekebisha programu ya kompyuta. Maelezo yanayofuata ni ya gari la kebo.

Jambo linalofuata ni sensa ya kupima hewa, inayoandikwa MAF, ambayo kwa kawaida hukaa mara tu baada ya boksi la chujio. Kipande cha bomba kinachoishikilia kisiguswe wala kisipanuliwe. Sensa hiyo huhisi mwendo wa hewa inayoipita, na kompyuta huuzidisha kwa eneo la bomba ililoambiwa na kiwanda. Ukiihamishia kwenye bomba la milimita 70 kutoka la 60, hewa ileile itapita polepole zaidi, kompyuta itadhani imeingia hewa pungufu kwa robo nzima, itapunguza petroli kwa kiasi hicho, na injini itachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo hadi iunguze valvu. Kwa hiyo upanuzi wowote ufanyike baada ya sensa, karibu na throto bodi.

Weka throto bodi mbili mezani, ya zamani na mpya, uzilinganishe tundu kwa tundu: bolti za kushikia, sensa ya kipepeo, valvu ya sailensa (inayodhibiti mzunguko wa injini mafuta yakiwa hayajakanyagwa), viunganishi vya mvuke wa petroli, na vipande viwili vya mpira vinavyopitisha maji ya rejeta. Maji hayo kiwanda kiliyaweka kwa ajili ya nchi zenye barafu, lakini kwenye baadhi ya Toyota za zamani ndiyo pia yanayoiambia valvu ya sailensa kwamba injini imepata moto. Usiyakate kabla ya kujua kama valvu yako inayategemea.

Vipimo vinavyowachanganya wengi

Throto bodi inayouzwa kama ya milimita 70 hupewa jina hilo kwa kipenyo cha ndani, pale kilipo kipepeo. Mdomo wake kwa nje unaweza kuwa 76 au 80. Hozi za silikoni nazo huuzwa kwa kipenyo chake cha ndani, ambacho lazima kilingane na kipenyo cha nje cha kitu kinachovalishwa. Anayempigia simu muuza spea na kumwambia, "Bosi, nitumie hozi ya 70, throto yangu ni ya 70," ataletewa kitu ambacho hakiingii, na nauli ya basi itakuwa juu yake. Pima kwa vernia (kipimo cha taya) sehemu nne: ndani na nje ya mdomo mpya, ndani ya ncha ya bomba la zamani, na nje ya mdomo wa zamani. Asiye na vernia azungushe ukanda wa karatasi kwenye mdomo, aukate pale unapokutana, apime urefu wake na kuugawa kwa 3.14, ukanda wa milimita 239 ni kipenyo cha 76. Bomba la mpira lililozeeka mara nyingi limekuwa bapa kidogo, hivyo lipime pande mbili na uchukue wastani.

Baada ya kipenyo, pima nafasi. Throto bodi kubwa mara nyingi ni ndefu pia, na kila milimita inayoongeza hulisukuma bomba kuelekea boksi la chujio. Ifunge kwa bolti mbili tu kwa muda, weka donge la unga wa ngano uliokandwa juu ya sehemu iliyoinuka zaidi, shusha boneti polepole hadi ijifunge, kisha fungua na upime unene uliobaki. Chini ya milimita 15 ni hatari, kwa sababu injini hutikisika. Kutikisika huko nako kuone kwa macho: mwenzako akanyage breki kwa nguvu, aweke gia, aguse mafuta kidogo, nawe ukiwa umesimama pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari, uangalie injini inavyoinama na kurudi. Kwenye gari lenye mauntini (mipira inayoshikilia injini) zilizochoka inaweza kuhama zaidi ya sentimita moja. Ile mikunjo iliyo kwenye bomba la mpira la kiwandani ipo kwa ajili ya kuubeba mchezo huo. Fundi anayeikata mikunjo ili apate nafasi ya bomba la alumini linalong'aa anahamishia mtikisiko wote kwenye boksi la chujio la plastiki, na boksi hilo litapasuka.

Njia za kuunganisha

Kama tofauti kati ya mdomo mpya na bomba la zamani haizidi milimita 3, na mpira bado ni laini, ncha ya bomba ichovye kwenye maji ya moto kwa dakika chache, ivalishe na uiache ipoe ikiwa imevaa. Mpira wenye nyufa ndogo ukiukunja usijaribiwe, kwa kuwa nyufa hizo zitafunguka baada ya wiki chache, na zitafunguka upande wa chini usioonekana.

Tofauti ikiwa kubwa, wengi hutumia hozi ya silikoni yenye ncha mbili zisizolingana. Bomba la zamani hukatwa kwenye sehemu iliyonyooka, baada ya mikunjo, kipande kifupi cha bomba la alumini huingizwa humo, na hozi hiyo huunganisha alumini na throto bodi. Njia hii ni nzuri, mradi hozi iwe na unene wa milimita 4 au zaidi na nyuzi za kuimarisha ndani yake. Injini isiyo na tabo (turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini) huvuta, haisukumi, kwa hiyo hozi nyembamba haiwezi kuchomoka bali hujikunja kwa ndani pale unapokanyaga mafuta yote, na gari hupoteza nguvu wakati uleule ulipoihitaji, mfano unapopita lori la tumbaku. Gari lenye tabo ni habari nyingine, kwa kuwa humo presha husukuma nje na klempu zake huwa za bolti.

Njia ninayoipendelea kwa Tabora, mahali ambapo hozi ya saizi kamili si rahisi kuikuta dukani, ni kumpelekea fundi mkereza kipande cha alumini akatoe kiungo kimoja. Tuseme bomba la zamani lina kipenyo cha ndani cha milimita 66 na mdomo mpya una kipenyo cha nje cha 76. Mwagize kiungo chenye urefu wa milimita 90 hadi 100. Ncha ndogo iwe 66 kwa nje na 60 kwa ndani, ncha kubwa iwe 76 kwa nje na 70 kwa ndani, na ndani kipanuke kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho bila ngazi. Kwa nje, kila ncha iwe na milimita 25 zilizonyooka za kukalia klempu, na mwisho wake kabisa aache mwinuko wa milimita 1 hadi 1.5 kuzunguka mdomo, ambao ndio unaozuia hozi kuteleza. Ncha ndogo huingia kwenye bomba la kiwandani; ncha kubwa huunganishwa na throto bodi kwa hozi fupi ya silikoni iliyonyooka, ya milimita 76 kwa ndani, na kati ya chuma na chuma huachwa mwanya wa milimita 3 hadi 5 ili viungo vicheze bila kugongana.

Niseme jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Hata kama ungeacha ngazi kali kati ya 60 na 70, hasara ya presha kwa mwendo tuliokokotoa hapo juu ni paskali 30 hivi, wakati chujio lililojaa vumbi linaweza kukaba kilopaskali 2 na zaidi. Hatukerezi kiungo cha kupanuka polepole ili kupata nguvu za farasi. Tunakikereza kwa sababu kina mahali imara pa kukazia klempu, hakijikunji, na hakina ukingo wa kukusanya mafuta na uchafu.

Bomba la maji la PVC lisitumike hata kidogo. Plastiki hiyo hulainika inapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na chini ya boneti ya gari lililosimama juani Oktoba baada ya safari ndefu joto hilo si la ajabu. Mpira wa tyubu uliozungushwa na kufungwa kwa waya nao haustahili kuitwa kiungo.

Mpira unaoleta mvuke wa oili kutoka kwenye kava ya injini uache kwenye sehemu ya bomba la kiwandani. Silikoni ya kawaida hunyonya oili na kulainika, na petroli huiharibu haraka zaidi.

Upande wa manifoldi

Hapa watu wengi husahau kwamba throto bodi ina pande mbili. Kipepeo cha milimita 70 kinapofunguka kabisa, nusu yake, yaani milimita 35, huelekea upande wa manifoldi, na sehemu yake inaweza kuingia ndani. Kama tundu la manifoldi bado ni la 60, kipepeo kinaweza kugonga ukingo na kukwama kikiwa wazi, na gari ambalo mafuta yamekwama wazi kwenye mteremko ni msiba. Kwa hiyo tundu la manifoldi nalo lipanuliwe, baada ya kuhakikisha kwamba kuta zake zina unene wa kutosha kubakiza angalau milimita 4 kuzunguka tundu na kwamba bolti hazitabaki zimeshikilia chuma chembamba.

Manifoldi ivuliwe kabla ya kupanuliwa. Kuipiga tupa ikiwa juu ya injini, hata ukiziba kwa matambara na kupulizia kompresa baadaye, ni kuzipandia silinda mbegu za mikwaruzo. Paka wino usoni pa manifoldi, weka throto bodi mpya, chora mduara wake wa ndani, kisha piga tupa hadi kwenye mstari na uendelee kushuka ndani kwa urefu wa milimita 40 hivi ili kipepeo kipate nafasi na ukuta ushuke kwa ulaini. Malizia kwa msasa, osha kwa maji ya sabuni na brashi, kausha, na upitishe kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe. Gereji zetu nyingi ziko chini ya miembe, na kati ya Juni na Agosti miembe hiyo inachanua na kudondosha maua siku nzima. Kila tundu lililo wazi lifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira, si kwa karatasi ya kuegesha tu.

Gasketi mpya ikatwe kwa kufuata tundu kubwa, isichungulie ndani hata kidogo. Uso ukiwa umenyooka, karatasi ya gasketi inatosha. Gundi nyingi ya silikoni itatoka kwa ndani na vipande vyake vitaingia kwenye valvu. Bolti za M8 kwenye alumini kaza kwa Nm 20 hivi, kwa kupishana kona kwa kona.

Kebo na kipepeo

Kebo iwe na ulegevu mdogo sana pedeli ikiwa juu, na pedeli ikifika kwenye kapeti kipepeo kiwe kimefunguka kabisa bila kebo kuvutika zaidi. Injini ikiwa imezimwa, fungua kipepeo kwa mkono na ukiachie, polepole na kwa ghafla, mara 20. Kila mara kijifunge chenyewe hadi mwisho kwa sauti ileile. Kikisita hata mara moja, usiwashe gari. Skrubu ndogo inayozuia kipepeo kugusa ukuta isitumike kupandisha sailensa, ingawa ndiyo inayowavutia mafundi kwanza. Kazi yake ni kuzuia kipepeo kisikwame.

Sensa ya kipepeo pima kwa multimita swichi ikiwa imewashwa. Kwenye Toyota nyingi za kebo, kipepeo kikiwa kimefungwa utapata kati ya volti 0.3 na 0.8, na kikiwa wazi kabisa kati ya 3.2 na 4.9, namba ipande bila kuruka njiani. Ikiwa nje ya hapo, legeza skrubu zake mbili na uizungushe kidogo kidogo.

Kuunganisha bomba na kutafuta uvujaji

Futa ncha zote kwa spiriti hadi zikauke. Usipake oili ili hozi iingie kwa urahisi. Itaingia leo na kuteleza kesho. Hozi iingie milimita 25 kila upande, na klempu ikae nyuma ya mwinuko, kamwe isikae juu yake. Klempu za kawaida zenye matundu hukata silikoni, hivyo chagua zile zenye bamba laini kwa ndani. Kaza hadi silikoni ianze kuvimba kidogo kando ya klempu, basi. Kisha chora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka hozi na chuma. Mstari ukikatika siku za mbele, hozi imehama.

Kabla ya kufunga vyote kwenye gari, jaribio la mezani linafaa sana. Unganisha bomba, kiungo na throto bodi, ziba uso wa throto bodi kwa kipande cha bati na gasketi yake, ziba mpira wa oili, na ncha ya boksi la chujio izibe kwa kizibo chenye valvu ya tairi. Pampu ya baiskeli inatosha: tia presha isiyozidi kilopaskali 20, yaani PSI 3, na upake povu la sabuni kila kiungo. Kompresa ya gereji usiiunganishe moja kwa moja, itararua bomba. Povu likivimba chini ya klempu, legeza, geuza klempu kwa robo mzunguko na ukaze upya. Mara nyingi uvujaji uko pale panapokutana ncha za klempu.

Baada ya kufunga kwenye gari, barabara yenyewe ndiyo kipimo. Pakaza grisi nyembamba sana kwa kidole, utepe wa sentimita 2, ndani ya kiungo cha alumini, mbali na sensa ya hewa. Endesha siku kadhaa kwenye vumbi, fungua, uangalie. Grisi safi ina maana hewa yote inapita kwenye chujio. Grisi yenye mchanga uliosambaa sawasawa ina maana chujio au boksi lake linapitisha. Mchanga uliojikusanya upande mmoja kama ufagio unaonyesha kiungo kilicho karibu ndicho kinachovuja, na unakuonyesha hata upande. Mchanga wa nchi hii una chembe ngumu za silika, nazo hula ringi za pistoni kimyakimya hadi moshi wa bluu uonekane.

Uvujaji una tabia tofauti kulingana na mahali. Tundu lililo kabla ya kipepeo, kwenye gari la sensa ya MAP, halibadilishi mchanganyiko wa petroli wala mlio wa injini, na ndiyo maana ni la hatari: linaingiza vumbi bila dalili. Tundu hilohilo kwenye gari la sensa ya MAF huingiza hewa isiyopimwa, injini husita na kompyuta huweza kuandika msimbo wa P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Gasketi inayovuja baada ya kipepeo hupandisha sailensa au huifanya ipande na kushuka. Usitafute matundu haya kwa kupulizia petroli au spirei yoyote inayowaka juu ya injini ya moto.

Kuwasha na kurekebisha

Chomoa waya hasi wa betri kwa dakika 10 ili kompyuta isahau marekebisho ya zamani, kisha washa na uache injini ipate moto bila kugusa mafuta. Sailensa ya injini nyingi za silinda nne huwa karibu na mizunguko 750 kwa dakika. Ikibaki juu ya 1,000 baada ya injini kupata moto, kagua gasketi na ulegevu wa kebo kabla ya kugusa kitu kingine. Mashine ya kupimia ikiwapo, marekebisho ya petroli ya muda mrefu yabaki ndani ya asilimia 10 juu au chini.

Dereva ataona kwamba pedeli imekuwa kali mwanzoni. Kuguswa kidogo kunafungua eneo kubwa, na kwenye barabara ya kokoto mguu unaorukaruka hulifanya gari liruke nao. Dawa yake ni gurudumu la kebo lenye kipenyo kikubwa zaidi kwenye throto bodi, kama linapatikana, ili pedeli isafiri zaidi kwa mfunguko uleule. La sivyo ni kuuzoesha mguu, na matumizi ya petroli mjini yatategemea mguu huo.

Usishawishike kuondoa boksi la chujio na kufunga chujio la wazi la umbo la koni. Hewa ya nyuzi 60 iliyo chini ya boneti ina uzito pungufu kwa asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 inayovutwa kutoka mbele, na asilimia hizo ni nyingi kuliko chochote throto bodi ilichokuongezea.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, injini ikiwa imepoa, kaza klempu tena kidogo, kwa kuwa silikoni hukaa vizuri baada ya kupata joto. Kagua mistari ya rangi kila unapobadilisha oili. Mvua zikianza Novemba, angalia pia kwamba bomba la mbele la kuvutia hewa bado liko juu kwenye mahali pake pa kiwandani, kwa sababu wakati wa kutafuta nafasi ya throto bodi mafundi hulishusha, na gari linalovuka maji ya mafuriko huku bomba likiwa chini litavuta maji hadi kwenye silinda.